Alikufa Tu

Watu wa kwetu Itaka walikuwa wameshaamua namna baba yangu atakavyokufa. Wapo waliosema atapigwa panga kilabuni, wapo waliosema atafumaniwa, na mama mmoja jirani yetu, ambaye kila asubuhi alikuja kuomba moto, alizoea kumwambia mama yangu, "Huyu wako atakufa kwa mkono wa mtu. Mungu hatapata hata nafasi." Mama alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kanga, kwa sababu meno yake mawili ya mbele baba alikuwa ameshayatoa.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa kama wanaume wengine wa pale, ila alikuwa na kazi nyingine iliyompa heshima. Alikuwa mchinjaji wa nguruwe. Palipokuwa na harusi au kipaimara, aliitwa yeye. Alimpapasa nguruwe kwa kidole chini ya mguu wa mbele wa kushoto, akapata mahali alipopataka, akasukuma kisu mara moja. Alijisifu kwamba hakuna mnyama aliyewahi kulia mara mbili mkononi mwake.

Nyumbani hakuwa na ufundi huo. Alipiga kwa chochote kilichokuwa karibu: sufuria, kiti, ubao wa kitanda. Mwaka mmoja alichomoa mpini wa mashine ya kumenyea kahawa akamvunja mama mkono nao, kisha akaurudisha mahali pake akaendelea kumenya, maana kahawa iliyochumwa haisubiri. Mimi alinipiga kofi nikiwa darasa la tano, na sikio langu la kushoto halijasikia tangu siku ile. Mpaka leo mteja akinisemesha upande huo nageuza uso mzima, na wengine wanadhani nawaringia.

Mama alikuwa Mndali wa Mbebe, huko Ileje. Alitoroka mara tatu kurudi kwao. Mara zote tatu kaka zake walimrudisha, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaliwa siku nyingi na hakuna aliyetaka kuanza kuwatafuta wengine. Mara ya mwisho baba aliwapokea shemeji zake vizuri mno. Alichinja, wakala, wakasali, mmoja akatoa neno kuhusu uvumilivu. Aliwasindikiza mpaka barabarani akiwa amewabebea mizigo. Aliporudi alifunga mlango kwa ndani.

Kaka zangu wawili walikimbia nyumbani mara walipopata nguvu za kukimbia. Mmoja alikwenda machimboni Chunya, mwingine akavuka Zambia. Mimi niliolewa Tunduma, mume naye akavuka mpaka na hakurudi, nikabaki na watoto wangu nikiuza mchele na maharage. Lakini kila msimu wa kahawa niliwaacha watoto kwa wifi yangu nikapanda kwenda Itaka kumsaidia mama. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa mwaka ninaousimulia.

Ilikuwa Alhamisi. Siku iliyotangulia mama alikwenda msibani, akachelewa kurudi, na kahawa aliyokuwa ameivundika kwenye pipa ili utelezi uachie ikapitiliza. Ikipitiliza inatoa harufu kama ya siki, na bei yake inaanguka. Baba aliisikia harufu ile kabla hajafika uani.

"Nani amevundika hii?"

"Mimi, baba," mama alisema. Ndivyo alivyomwita. "Jana msibani tulichelewa kuzika."

"Kumbe wafu ndio wanaokulisha."

Alimkamata shingo kwa nyuma akamwinamisha kwenye pipa. Nilidhani anamwonyesha. Kisha nikaona kichwa cha mama kimezama mpaka mabegani na miguu yake inapiga kuta za pipa, kandambili moja ikaruka ikanigonga tumboni. Niliokota mpini wa jembe nikampiga baba mgongoni kwa nguvu zangu zote. Alimwachia mama. Aligeuka akaniangalia kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia.

"Kumbe umekua," alisema, na akatabasamu. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka udongo, na buti lake, na mama anapiga kelele kwa Kindali, lugha ambayo baba alikataza isisemwe pale nyumbani.

Kesho yake asubuhi, baba alipokwenda shambani, niliingia stoo. Kwenye kona palikuwa na chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa kahawa. Kwenye msumari ukutani lilikuwepo jagi la plastiki la baba, na chini yake dumu la komoni. Alikuwa akinywa pombe hiyo mchana akitoka shambani, na mtu mwingine hakuruhusiwa kuligusa lile jagi. Nililijaza komoni. Nikatia dawa. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo ninapolikumbuka.

Mama aliingia akanikuta nimesimama na jagi mkononi. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Alisogea, akanusa, akaiona chupa haina kifuniko. Hakuuliza kitu. Alichukua jagi akatoka nalo nyuma ya nyumba, nikasikia komoni ikimwagwa kwenye shimo la taka. Baada ya muda alirudi akalitundika kwenye msumari.

"Sikukuzaa uende jela," alisema.

Sikumwona akiliosha. Sikumuuliza kama ameliosha. Saa sita baba alirudi, akachukua jagi, akachota komoni, akanywa lote amesimama. Nilikuwa kwenye vichanja nageuza kahawa iliyoanikwa, macho yangu yako kwake. Alijifuta mdomo, akaomba chakula, akala, akalala. Alipoamka alitaka kisu chake kinolewe kwa sababu kesho yake alikuwa na kazi. Jua lilipozama alikuwa mzima, nami nikajiambia limepita.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa yule jirani wa kuomba moto. Mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara. Nilimpelekea baba uji asubuhi, kisha nikatangulia kusaidia kuchemsha maji ya kumnyonyolea nguruwe. Nguruwe alikuwa dume jeusi kubwa, amefungwa kamba mguu wa nyuma kwenye mgomba, anapiga kelele kana kwamba ameshaambiwa. Baba alifika, akavua shati, akachuchumaa. Aliweka kidole chake chini ya mguu wa mbele wa kushoto. Kisha nikaona kidole kimeacha kupapasa.

"Subiri kidogo," alisema.

Alikuwa anasema na nguruwe, kwa sababu hakumwangalia mtu mwingine. Alishika kifua, akakaa chini, akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. Jasho lilimtoka likawa linadondoka kwenye kidevu. Wanaume walidhani anatania. Alipolala ubavu, povu lilianza kumtoka puani na mdomoni, povu lenye rangi ya waridi, jingi, lisilokoma. Miguu yake ilisugua ardhi mpaka ikachimba vijishimo viwili. Halafu ikatulia. Nguruwe alikuwa bado analia.

Mimi niliangalia lile povu na nikajua nimemuua baba yangu.

Baba mdogo alikuwa kijiji hichohicho na alifika mbio. Ndiye mdogo wa pekee wa baba, ambaye walilelewa pamoja na kupigwa pamoja na baba yao. Alipiga magoti, akachota povu kwa kidole, akanusa.

"Huyu amelishwa," alisema.

Hakuna aliyembishia. Mtu wa nguvu vile, hana homa, hana kikohozi, asubuhi amekula, saa nne amekufa na povu mdomoni. Kwetu mtu wa namna hiyo hafi hivihivi. Baba mdogo alisimama akatafuta kwa macho, na wakati huohuo mama alikuwa anaingia uani, ameitwa, ameshika kanga yake kifuani, jicho limefumba na shingo ina alama za vidole. Kila mtu aliziona zile alama. Nilitegemea mtu aseme masikini. Badala yake niliona nyuso zikikubaliana. Alama zile zilikuwa ushahidi.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "ulimpa nini ndugu yangu?"

"Sikumpa kitu."

Alimpiga ngumi palepale penye uvimbe. Mama alianguka kwenye matope ya maji ya kunyonyolea. Wakamkokota kwa mikono mpaka nyumbani kwetu, njia nzima, mimi nyuma yao nikivuta mashati ya watu. Wakamfunga kamba kwenye nguzo ya kichanja. Kichanja kilitikisika, kahawa ikamwagika, wakawa wanaikanyaga. Walianza wanaume watatu, wakaongezeka. Walimpiga kwa fimbo za mibuni, kwa mikanda, na mmoja kwa mwiko mkubwa wa kupakulia makande. Yule mama jirani ndiye aliyeleta mchi. Alikuwa akilia machozi ya kweli huku anampiga nao vidole vilivyofungwa, akisema, "Uani kwangu! Umekuja kumuulia uani kwangu, siku ya mjukuu wangu!"

Mama alikuwa ananitazama. Kila fimbo iliposhuka alifumba jicho lake zima, na lilipofumbuka lilinitafuta. Aliniangalia akatikisa kichwa kidogo sana. Nilielewa: nyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Nimewahi kuwaambia watu wawili habari hii, na wote wawili waliniambia ningesema ningekufa. Inawezekana. Lakini sikufanya hesabu hiyo wakati ule. Nilikuwa nimeogopa tu, na mama alikuwa amenipa ruhusa ya kuogopa.

Mmoja wao alisema, "Na huyu binti? Si ndiye aliyekuwa na maji? Si ndiye aliyempelekea uji?" Vichwa vikanigeukia. Baba mdogo akapiga hatua moja kuja kwangu.

"Mwacheni mtoto," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemwambia mtu funga mlango. "Ni mimi. Nilimwekea mimi."

Kelele iliyotoka pale sijawahi kuisikia tena. Mtu alichomoa mpira wa mafuta kwenye bodaboda akakinga petroli kwenye chupa ya maji. Niliona chupa ikipokezanwa mkono kwa mkono kwenda mbele, na watu wanaipokea kwa uangalifu isimwagike, kama wanavyopokezana mtoto mchanga. Hapo ndipo nilipoweza kukimbia.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu alikuwa mama mwembamba, mjane, asiyependa maneno. Nilimkuta njiani tayari anakuja, simu sikioni, amevaa buti za shamba. Hakuuliza nani kafanya nini. Alipita katikati ya watu wale kama anayepita shambani kwake, akakaa chini kwenye kahawa iliyomwagika, akakiweka kichwa cha mama mapajani mwake. Petroli ilikuwa imeshamiminwa. Ikamlowanisha na yeye.

"Washeni," alisema. "Tuko wawili. Anzeni na majina yenu, polisi wako kwenye simu wanasikiliza."

Akainua simu juu waione. Baadaye aliniambia simu ilikuwa imekata zamani, salio liliisha. Lakini hakuna aliyewasha. Walisimama wakitukana, wakirusha mawe madogo madogo, mpaka gari la polisi lilipofika na askari akapiga risasi mbili hewani. Walimfungua mama wakampandisha nyuma ya gari. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeelekea pande tofauti. Askari mkubwa akasema marehemu hazikwi mpaka daktari amwone, na asiyekubali aende kumwambia yeye mwenyewe kituoni.

Jioni ile yule nguruwe alichinjwa na mtu mwingine, vibaya, akalia sana, na waombolezaji wakamla. Wengine walikataa. Baba mdogo alikula.

Daktari alikuja Jumapili watu wakiwa kanisani. Alikuwa msichana tu, pengine nilimzidi umri, na alikuja na msaidizi mmoja na sanduku la vifaa. Walimlaza baba kwenye mlango uliong'olewa stoo, juu ya matofali, nyuma ya nyumba, wakazungusha maturubai. Sheria ilitaka ndugu mmoja awepo. Aliingia baba mdogo. Kisu kilipopita tu kifuani nilimsikia akitapika, akatoka ameshika ukuta.

"Ndugu mwingine," daktari aliita.

Niliingia. Nilitaka kuona. Ningeweza kusema niliingia kwa ajili ya mama, lakini nilitaka kumwona baba amefunguliwa na hawezi kuinuka.

Daktari alifanya kazi bila haraka. Baada ya muda alinyanyua kitu kwa mikono yote miwili, akanisogezea.

"Dada, unauona moyo huu? Wa mtu mzima unatakiwa uwe kama ngumi yake. Huu ni mara mbili." Akakata kipande cha mshipa, akakibonyeza kwa kidole, kikatoa sauti ya ganda la yai. "Na hapa pameziba kabisa. Alikuwa na presha?"

"Hakuwahi kwenda hospitali."

"Angekufa wiki hii hata angekuwa amelala kitandani anapepewa."

"Na lile povu, daktari?"

"Moyo ukishindwa kusukuma, maji yanajaa kwenye mapafu, yanatoka hivyo. Kuna watu wamechomewa nyumba kwa ajili ya povu hilo."

"Na tumboni?"

Aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Aliniangalia usoni, akaangalia michubuko ya mikononi mwangu, buti la baba lilipopita.

"Polisi wameomba nichukue vya tumboni vipelekwe kwa mkemia. Vitachukua muda. Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hapana."

"Sawa." Akarudi kwenye kazi yake. "Mimi naandika kifo cha asili. Maana yake hakuna aliyemuua."

Nilisimama pale nikilirudia neno hilo kimoyomoyo. Cha asili. Mtu aliyeishi vile, neno lililomfaa lilikuwa lilelile la bibi wa miaka tisini aliyezimika usingizini.

Tulizika Jumatatu. Kaburini baba mdogo aliombwa aseme machache. Alisema karatasi ni karatasi, na mke amekiri kwa mdomo wake mbele ya watu, na mdomo haughushiwi. Walipotoka makaburini, yeye na vijana wa ukoo walipita kwenye nusu eka ya mibuni ambayo mama aliipanda kwa mikono yake mwaka nilipozaliwa. Waliikata yote kwa mapanga, ikiwa na matunda mekundu. Nilisikia nikiwa ndani ya nyumba. Mbuni ukikatwa unatoa sauti ndogo, kavu. Ilichukua mchana kutwa.

Mama aliachiwa baada ya siku tisa. Askari walimshauri asirudi Itaka, kaka zake wakaja kumchukua kituoni kumpeleka Mbebe, na safari hii hakuna aliyetaja ng'ombe. Mimi nilirudi Tunduma. Niliuza mchele. Kila gari la polisi lililopita sokoni niliweka kopo la kupimia chini nikasubiri litasimama kwangu. Watoto waliniambia nasaga meno usingizini. Daktari alisema moyo, ndiyo, lakini daktari hakuwa stoo. Hakujua lile jagi lilitundikwa likiwa kavu au likiwa limebaki na tone.

Walinipigia simu niende kituoni baada ya miezi miwili na zaidi. Askari alinisomea barua akiwa amesimama, akitafuna muwa, kwa sababu kwake lilikuwa faili la kufunga tu. Mkemia hakukuta sumu ya aina yoyote. Nilikaa sakafuni palepale kituoni. Aliniambia, "Mama, inuka, hapa si pa kukaa."

Kesho yake nilikwenda Mbebe. Nilimkuta mama shambani anachimba viazi kwa mkono mmoja, ule mwingine ameubana kiunoni. Nilimwamkia, akaitika, nikachuchumaa nikaanza kuokota alivyofukua.

"Majibu yametoka," nilisema. "Hakuna sumu."

Aliendelea kuchimba mashimo mawili zaidi. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hukurudia?"

"Kurudia nini?"

"Kumwekea. Mimi nilijua ulirudia Jumamosi, kwenye uji."

Nilimtazama. Kumbe alikuwa amefungwa kwenye ile nguzo, anapigwa mchi vidoleni, akiamini kabisa kwamba nimemuua mumewe, na alipotikisa kichwa na alipokiri alikuwa ananikinga mimi niliyekosa kweli, wala hakunihesabia kosa.

"Mama, mimi nilidhani ni lile jagi. Nilidhani hukuliosha. Makusudi."

"Nililiosha kwa majivu mara tatu."

Upepo wa Mbebe unapanda kutoka bondeni na ulikuwa unapeperusha majani ya viazi yakionyesha tumbo lake jeupe.

"Kwa hiyo alikufa tu," mama alisema.

"Alikufa tu."

Niliwaza atamshukuru Mungu. Aliinua jembe akalipiga chini, akalipiga tena, si kwenye tuta, popote, akakata viazi vyema vipande vipande, akapiga mpaka jembe likachomoka kwenye mpini. Alikuwa anapiga kelele kwa Kindali, na watu wa mashamba ya jirani wakasimama kuangalia. Miaka thelathini na tatu, alisema. Miaka thelathini na tatu namwomba Mungu, na Mungu amemchukua kama anavyowachukua watu wema! Anaongea na nguruwe! Hakulala kitandani hata siku moja akihitaji kugeuzwa! Hakuniomba hata maji!

Nilimshika. Alikuwa mwepesi. Alipochoka aliketi kwenye tuta, akajifuta pua kwa kanga.

"Aliumia?" aliniuliza.

"Dakika mbili, tatu."

"Mbili au tatu?"

Nilifikiri. "Tatu."

"Haya," mama alisema, akaanza kutafuta kabari ya kurudishia jembe.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa kumpiga. Yule mama jirani alituma debe la mahindi kwa mtu aliyekuwa anakwenda Ileje, na maneno kwamba shetani alimpitia. Mama aliyala yale mahindi, hakutuma jibu. Baba mdogo bado yupo. Anavuna kahawa ya baba, na nasikia amekata pombe.

Ningependa niishie hapo. Lakini mwaka juzi, sokoni Tunduma, mteja wangu mmoja wa ng'ambo, mama wa Nakonde aliyekuwa akinunua kwangu kila wiki, alinisemesha upande wangu mbaya. Sikumsikia. Akanivuta bega kwa nyuma. Niligeuka na kopo la chuma la kupimia mkononi, nikampiga nalo usoni, na alipoinama nikampiga tena kisogoni. Ile ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Ya kwanza ilikuwa mshtuko. Ya pili niliichagua, na ndani yangu palikuwa na utulivu.

Alianguka juu ya magunia. Damu iliingia kwenye mchele. Wenzangu walinikamata mikono, na moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu hata nikashindwa kusimama, wakatupeleka zahanati wote wawili kwenye bajaji moja, yeye ameshika kichwa, mimi nimeshika kifua. Yeye alishonwa. Mimi nilifungwa mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, nesi akatazama namba akanifunga upya, akatazama tena.

"Kuna mtu kwenu ana ugonjwa wa moyo?"

"Baba. Amekufa nao."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nadhani alitaka kujua kama alikuwa mnene au mvutaji wa sigara. Nilimwambia alikuwa mchinjaji. Akaandika. Sasa nakunywa vidonge kila siku, na niliacha kabisa kupimia kwa kopo la chuma, natumia la plastiki, ingawa najua shida haikuwa kopo.

Jeraha lake lilipokauka nilivuka kwenda Nakonde kumtafuta. Nilibeba kilo kumi za mchele kichwani. Nilimkuta kwenye meza yake anapanga nyanya, amejifunga kitambaa kuficha kovu. Nilipiga magoti hadharani. Aliniinua kwa mkono, akanikalisha kwenye kreti.

"Bamayo," yaani mama, aliniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, "mume anakupiga?"

"Sina mume."

"Basi nani alikufundisha?"

Wateja walikuwa wanasubiri. Alipima nyanya za mmoja, akapima za mwingine, akarudisha macho kwangu, akingoja. Nilifungua mdomo nikaanza kumweleza habari za Itaka, tangu mwanzo, naye akavuta kreti jingine akakaa upande wangu wa kulia.